Nukta Mbili Penye Nukta Moja

Herufi ba, ta, tha na nun, zikiandikwa mwanzoni mwa neno la Kiarabu, huwa na umbo moja: kijino kidogo kilichoinuka juu ya mstari. Kinachozitenganisha ni nukta. Moja chini, mbili juu, tatu juu, moja juu. Mtoto aliyeketi mkekani na juzuu yake, iwe madrasa ya Tanga au ya Lamu, hutakiwa azione nukta hizo pamoja na irabu, vile vijistari vyembamba vilivyolazwa juu na chini ya herufi, kabla hajafungua kinywa. Akisoma ta mahali pa nun, mwalimu humrudisha. Akirudia kosa lile lile mara ya tatu, ataambiwa hana akili au anacheza, na fimbo haiko mbali.

Huenda kweli anacheza. Lakini wapo watoto ambao nukta moja huwafikia ikiwa imevutika, ikawa kama mbili zilizoshikana. Irabu iliyolala huwafikia imefifia, ilhali alifu iliyosimama wima kando yake wanaiona barabara. Mtoto wa namna hii hajui kwamba anaona vibaya, kwa kuwa tangu azaliwe hajapata kuazima macho ya mwingine akalinganisha. Muulize, "Unaona?" Atakujibu, "Naona," wala hasemi uongo.

Hali hiyo wataalamu huiita astigimatizimu. Ni miongoni mwa kasoro za uoni zilizoenea sana duniani, na kwa maoni yangu ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Asiyeona mbali anajulikana mtaani: anapungia basi lisilo lake, anampita shangazi yake ng'ambo ya barabara bila salamu. Asiyeona karibu naye anajulikana: anasogeza gazeti mbali mpaka mkono unamwishia. Mwenye astigimatizimu anaona mbali kiasi na karibu kiasi, na palipobaki anajazia kwa kufinya macho, kuinamisha kichwa na kukisia. Ndiyo maana dalili zake hazipatikani kwa kumuuliza anaona nini. Zinapatikana kwa kumtazama anavyotazama.

Chanzo chenyewe si ugonjwa, ni umbo. Mbele ya mboni kuna utando angavu uitwao konea, na huo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuupinda mwanga, lenzi iliyomo ndani ya jicho ikimalizia. Konea iliyo sawasawa imebinuka kwa kiwango kimoja kila upande. Za watu wengi haziko hivyo. Ziko kama mgongo wa kijiko, ambao ukiupitishia kidole kwa urefu mbinuko wake ni wa taratibu, na ukiupitishia kwa upana ni mkali. Mwanga unaopita kwenye mbinuko mkali hukutana mapema, ule wa mbinuko wa taratibu hukutana baadaye, na nukta ya mwanga iliyotoka nje ikiwa moja haifiki nyuma ya jicho ikiwa nukta. Hufika ikiwa imevutwa. Kwa baadhi ya watu kasoro haiko kwenye konea bali kwenye lenzi ya ndani, lakini wanachokiona ni kile kile.

Kwa asiyeona mbali tu, kusogea karibu hutatua mambo. Kwa mwenye astigimatizimu kusogea hupunguza shida bila kuimaliza, kwa kuwa popote atakaposimama upande mmoja wa herufi utabaki na ukungu. Aidha kasoro hii haikai peke yake mara nyingi. Huandamana na kutoona mbali au kutoona karibu. Kiasi kidogo, chini ya nusu dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi), watu wengi wanacho na hakiwasumbui chochote.

Mtu anaweza kuishi nayo muda gani bila kujua? Aliyetujibu swali hilo vizuri ni Mwingereza George Biddell Airy. Kabla yake, mwaka 1801, daktari Thomas Young alikwisha kuandika kwamba jicho lake mwenyewe lilikuwa na kasoro hii, baada ya kulizamisha kwenye maji ili aiondolee konea nguvu yake na kukuta kasoro bado ipo. Lakini Young haikumkera, akaiacha. Airy ilimkera. Mwaka 1823 alikuwa ameongoza mtihani mkuu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Miaka miwili baadaye, mwaka 1825, akaja kueleza kwamba katika kusoma jicho lake la kushoto halikuwa likifanya kazi yoyote. La kulia lilikuwa likilibeba. Alitoboa tundu dogo kwenye kadi, akalitazama kwa jicho hilo bovu huku akibadilisha umbali, akaona nukta ya mwanga ikigeuka kuwa mstari, na kwa umbali mwingine mstari ukilala upande mwingine. Akapiga hesabu, akampelekea fundi wa miwani wa mji wa Ipswich, naye akamsagia kioo ambacho upande mmoja kimebonyea kwa mviringo na upande wa pili kimebonyea kwa mkondo wa silinda. Miwani ya astigimatizimu inayouzwa leo Kariakoo au Biashara Street inafuata kanuni hiyo hiyo, na safu ya "silinda" kwenye karatasi ya vipimo ni urithi wake.

(Airy ndiye aliyekuja kuongoza kituo cha nyota cha Greenwich kuanzia 1835 hadi 1881. Mstari wa longitudo sifuri uliokubaliwa mwaka 1884 ulipita kwenye darubini aliyoifunga yeye, na saa zetu za Afrika Mashariki tunazihesabu saa tatu mbele ya hapo.)

Basi ikiwa bingwa wa hisabati, mtu ambaye kazi yake ilikuwa nuru na vioo, alifika ukubwani bila kujua kwamba anasoma kwa jicho moja, mtoto wa darasa la pili atajuaje? Jicho zima hulifunika jicho bovu. Hakuna anayekosea njia, hakuna anayejikwaa, hakuna wa kulalamika. Kipimo chochote kinachofanywa macho yote mawili yakiwa wazi kitampitisha. Liwe zoezi la nyumbani au la shuleni, jambo la kwanza ni kuziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha kugeuza.

Kwa watoto wachanga sitaki kuwatia wazazi hofu. Wengi huzaliwa na astigimatizimu, tena si ndogo, na kwa walio wengi hupungua yenyewe katika miaka ya mwanzo konea inapokua. Cha kuangaliwa kwa mtoto wa umri huo ni kingine: makengeza yanayoendelea baada ya miezi minne hivi, jicho ambalo likizibwa mtoto analia na kuuvuta mkono wako, ilhali la pili likizibwa hajali, na mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa flashi. Hiyo ya mwisho haihusiani na miwani kabisa. Inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya ndani ya jicho, na mtoto apelekwe hospitali ndani ya siku chache, asisubirishwe mwisho wa mwezi.

Akishaanza kushika kitabu, mwili wake huanza kusema. Anafinya macho. Watu wazima hudhani ananuna, au ana tabia ya kukunja uso, na wapo wanaomkataza kwa ukali. Kumbe kufinya kope ni ufundi ameubuni mwenyewe: ule mwanya mwembamba huzuia sehemu ya mwanga unaopotoka, na herufi hutulia kidogo. Anainamisha kichwa upande, kila mara upande ule ule, au anageuza daftari mpaka limekaa mshazari. Anafikicha macho jioni. Anafuata mstari kwa kidole muda mrefu baada ya wenzake kuacha, na bado anaruka mstari. Anachanganya 3 na 8, 6 na 0, m na n, na katika hesabu za kujumlisha tarakimu zake zinahama kutoka mamoja kwenda makumi. Ubaoni hanakili, ananakili kwenye daftari la jirani, na pale jirani anapokosea naye anakosea, jambo ambalo mwalimu mwepesi wa kushuku huliita udanganyifu.

Kisha kuna kichwa. Maumivu ya kichwa yatokanayo na macho kuchoka huja baada ya kusoma, aghalabu kwenye paji la uso au kuzunguka macho, na si ya kumwamsha mtoto alfajiri. Mtoto ambaye kichwa kinamuuma Jumatatu hadi Ijumaa na Jumamosi amepona huitwa mtoro. Ni kweli watoro wapo na kichwa ndicho kisingizio chao kikongwe. Lakini mtoto huyo huyo akiwa anafinya macho na kuinamisha kichwa, ningempima kwanza na kumwita mtoro baadaye. Kwa upande mwingine, kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika, au kinachozidi wiki hata wiki, si habari ya miwani. Hicho ni cha daktari wa kawaida, tena upesi.

Si kila anayechanganya herufi ana kasoro ya macho. Wapo watoto ambao macho yao ni mazima na ugumu uko kwenye namna ubongo unavyozishughulikia herufi, na hao wanahitaji msaada wa aina nyingine. Ninachosema ni kwamba macho yapimwe mwanzo, kwa sababu hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote kulithibitisha au kuliondoa.

Kuchelewa kuna gharama isiyofidiwa kikamilifu. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona, kama unavyojifunza kusema, na sehemu kubwa ya masomo hayo hufanyika kabla ya umri wa miaka saba au minane. Jicho linalopeleka picha yenye ukungu miaka yote hiyo huzoeleka hivyo, na ubongo hulipuuza. Hilo ndilo jicho vivu. Ukimvalisha miwani sahihi akiwa na miaka minne au mitano, mara nyingi jicho hilo huamka, wakati mwingine kwa kusaidiwa na kuziba lile zima saa chache kila siku. Ukisubiri afike kidato cha kwanza, kioo kitakuwa sahihi na picha itafika safi nyuma ya jicho, lakini ubongo hautakuwa umejifunza kuisoma. Tofauti kubwa kati ya jicho na jicho ndiyo yenye hatari hiyo kuliko zote, nayo ndiyo isiyo na dalili za nje.

Nyumbani kuna mambo mawili mtu anaweza kufanya bila senti. Chora duara la ukubwa wa sahani, weka nukta katikati, kisha vuta mistari ya unene mmoja kutoka hapo kwenda kila namba ya saa. Ibandike ukutani kwenye mwanga mzuri, simama hatua tatu nne, ziba jicho moja. Mistari yote ikionekana na weusi mmoja, vizuri. Ile ya saa kumi na mbili na saa sita ikionekana myeusi na ile ya saa tatu na saa tisa imefifia, au kinyume chake, au ya mshazari ikakolea kuliko mingine, nenda ukapimwe. La pili ni kadi yenye tundu: litoboe kwa pini, ziba jicho moja, tazama maandishi ya mbali kupitia tunduni. Yakisafika, uwezekano ni mkubwa kwamba shida yako ni ya kutatuliwa kwa miwani. Yasiposafika kabisa na wewe unajua huoni vizuri, kuna jambo lingine ndani ya jicho, na hilo lina haraka zaidi. Hakuna kati ya majaribio haya linalompa mtu cheti cha uzima. Yanasaidia kugundua, kukana hayawezi.

Kliniki nayo si mahali pa kuogopesha mtoto. Mtaalamu hummulika jichoni kwa kurunzi ndogo na kusoma jinsi mwanga unavyosogea ndani ya mboni, na kutokana na hapo anajua karibu kila kitu bila mtoto kutamka neno. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma hupimika. Aghalabu watoto hutiwa kwanza matone yanayolegeza misuli ya jicho ili kipimo kisipotoshwe. Mboni hupanuka, mwanga unamkera, maandishi ya karibu yanampotea kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake, halafu inaisha. Mzazi aliyeambiwa hivyo mapema hatamkimbiza mtoto usiku kwa jirani mwenye dawa ya majani. Na hapa niseme waziwazi: majani yaliyopondwa, maziwa ya mama, asali, maji ya chumvi yaliyokolezwa na kila kinachotiwa jichoni kwa kukisia havinyooshi konea. Vinachoweza kufanya ni kuleta kidonda, kidonda kikaacha kovu, na kovu likaleta astigimatizimu ya mabonde na vilima ambayo miwani haiiwezi. Karoti ni chakula kizuri, haibadilishi umbo la jicho. Kusoma kwa koroboi kunachosha macho, hakuyapindi. Televisheni nayo huonewa: mtoto hakupata kasoro kwa kukaa karibu nayo, anakaa karibu nayo kwa sababu ana kasoro.

Kugundua ni nusu ya safari, na pengine ndiyo nusu nyepesi. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule 50 za msingi za Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya. Walimu ndio waliowapima watoto. Katika nusu ya shule walitumia bango la kawaida, na mtoto aliyeonekana ana shida alipewa barua ya kwenda hospitali. Katika nusu nyingine walitumia programu ya simu iitwayo Peek. Mzazi alitumiwa ujumbe wa kumkumbusha, na akaonyeshwa picha inayoiga jinsi mwanawe anavyouona ulimwengu. Waliofika hospitali kwa njia ya barua walikuwa asilimia 22. Kwa njia ya simu na picha walikuwa asilimia 54.

Mimi husimama hapo kwenye ile picha. Barua inamwambia mzazi kwamba mtoto "haoni vizuri", na mzazi anamtazama mtoto akikimbiza mpira uani, akitafuta sindano iliyoanguka, akisoma jina la daladala. Anahitimisha kwamba mwalimu amekosea. Picha haibishani naye. Hata hivyo asilimia 54 maana yake karibu nusu bado hawakufika, na sidhani kama wazazi hao walikuwa hawajali. Hospitali iko mjini, nauli ni ya watu wawili, siku ya kibarua inapotea, na miwani ikishaandikwa inanunuliwa.

Watu wazima wana visingizio bora kuliko vya watoto. Dereva anayeona kila taa ya gari linalokuja ikitoa miale mirefu, kama si michirizi inayokatiza kioo chote, atalaumu kioo kichafu, kisha atawalaumu madereva wasioshusha taa. Kioo kikisafishwa na miale ikabaki, iko jichoni. Usiku mboni hupanuka, mwanga hupita kwenye eneo kubwa zaidi la konea, na kasoro iliyovumilika mchana inajitokeza. Wengine huona kivuli cha herufi pembeni ya herufi kwenye kibao cha namba za gari. Wakiziba jicho moja kivuli kinaendelea kuwapo kwenye lile lililo wazi, na hiyo ni alama nzuri ya kutofautisha: vitu viwili vinavyoungana kuwa kimoja mara tu jicho moja linapozibwa vinatokana na macho kutokwenda pamoja, na kwa mtu mzima aliyeanza ghafla ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo.

Fundi cherehani hutunga uzi mara nne tano na kusema sindano za siku hizi ni mbovu. Mhasibu hufika saa tisa mchana macho yakimwaka, akanunua dawa ya matone dukani. Mwalimu wa kusahihisha madaftari hupata kichwa kila mwisho wa muhula. Wengi wa hao wakifika miaka arobaini hununua miwani ya kusomea kwa machinga, na haiwatoshi. Wanabadilisha namba, haiwatoshi. Haiwezi kuwatosha: miwani hiyo ina vioo viwili vinavyolingana, vilivyobinuka sawa pande zote, na haina silinda hata chembe. Kwa ambaye tatizo lake ni umri tu inafaa sana, wala sioni sababu ya kumcheka anayeinunua. Kwa mwenye astigimatizimu ya maana ni pesa iliyotupwa.

Kwa mtu mzima swali muhimu ni kama hali hii ni ya zamani au imeanza sasa. Ya zamani kwa kawaida imetulia, huhama taratibu sana kadiri umri unavyosogea. Iliyoanza sasa ina sababu. Mvuvi, mkulima au dereva wa bodaboda aliyekaa miaka kwenye jua, upepo na vumbi anaweza kuota kinyama chekundu kinachotambaa kutoka kona ya jicho iliyo upande wa pua kuelekea kwenye mboni. Kinyama hicho kinavuta konea, na uoni huanza kuharibika hata kabla hakijafika katikati. Uvimbe mkubwa kwenye kope, ule unaobaki baada ya chokea, unaweza kuikandamiza konea kwa muda. Upasuaji wa mtoto wa jicho huacha kovu linalobadilisha mbinuko, ndiyo sababu miwani ya mwisho hupimwa baada ya wiki kadhaa, jicho likishatulia. Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa anaweza kuona macho yake yakibadilika wiki kwa wiki kwa kuwa sukari inaivimbisha lenzi. Huyo atulize sukari kwanza, la sivyo atanunua miwani ambayo mwezi ujao haimfai.

Anayenipa wasiwasi zaidi ni kijana. Yule wa miaka kati ya kumi na mitano na ishirini na mitano, anayebadilisha miwani kila baada ya miezi michache, silinda yake ikipanda kila mara, na bado haoni safi hata akiwa ameivaa. Huenda ana keratokonasi: konea inalegea katikati, inakuwa nyembamba na kuchomoza. Historia yake mara nyingi ni ya mzio, macho yaliyokuwa yakiwasha tangu utotoni, mekundu kila msimu wa vumbi, na mazoea ya kuyafikicha kwa nguvu kwa vifundo vya vidole. Kufikicha huko si jambo dogo. Ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na ugonjwa huu. Mtoto anayewashwa macho atibiwe mzio, asiambiwe tu "acha kufikicha". Keratokonasi ikiwahiwa, kuna tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, inayozuia isiendelee. Ikichelewa, mtu hubaki na lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho, na hali ikizidi huenda akahitaji kupandikizwa konea ya mwingine.

Kwa wengi hata hivyo dawa ni miwani, na miwani ya silinda ina tabia zake. Siku za mwanzo sakafu huonekana imeinama, mlango umepinda, ngazi ziko karibu kuliko zilivyo. Watoto huzoea upesi, watu wazima huchukua hadi wiki mbili. Wengi huivua siku ya tatu na kutangaza kwamba miwani inaharibu macho, kauli ambayo imewanyima miwani watoto wengi, wasichana hasa, wanaoambiwa wataonekana wazee au hawataolewa. Miwani haiharibu jicho wala hailitibu. Inalipa picha safi muda wote inapovaliwa. Kizunguzungu kikivuka wiki mbili, rudi kwa aliyekupima, kwa sababu huenda kioo kimewekwa kwa pembe isiyo yake.

Pembe hiyo si mapambo. Silinda huwekwa kwa kipimo cha digrii, kati ya 1 na 180, kufuata mlalo wa kasoro ya jicho husika. Kioo kikizunguka digrii 30 kutoka mahali pake, kasoro iliyobaki inakuwa kubwa sawa na ile ambayo mtu alikuwa nayo bila miwani. Kwa hiyo fremu iliyokaliwa na mdogo wake kwenye kochi, ikabaki imepinda na mkono mmoja umefungwa kwa selotepu, haifanyi kazi iliyonunuliwa, na miwani ya kaka haiwezi kurithiwa na mdogo hata kama namba za mwanzo zinafanana. Mtoto apimwe upya angalau kila mwaka, kwa kuwa anakua na jicho lake linakua.

Na astigimatizimu hufuata ukoo kwa kiasi fulani, ingawa si kila mara. Mmoja akigunduliwa, ndugu zake wapelekwe. Awemo pia aliyemleta, yule mama au baba aliyeketi kwenye benchi la kliniki akiifinyia macho namba iliyobandikwa mlangoni, na akimuuliza jirani yake ni ya ngapi.